Kulisha, Kupikia na Kuwa na Mawazo: Msamiati wa Kazi, Nafasi za Familia na Afya ya Akili kwa Wanaume na Wanawake wa Nyegezi, Mwanza

1.0 Utangulizi

Mjadala wa afya ya akili kwa kawaida huachiwa matabibu, na ule wa majukumu ya mume na mke huachiwa wanasosholojia. Mwanaisimu huitwa mwishoni, aghalabu pale anapotakiwa mtu wa kutafsiri dodoso. Makala hii inadai kwamba utaratibu huo umekwenda kinyume. Kabla mgonjwa hajapimwa sharti aseme, na kabla hajasema sharti lugha iwe imempa maneno ya kutajia kazi yake, nafasi yake nyumbani na hali ya moyo wake. Maneno hayo hayakugawanywa sawa baina ya wanaume na wanawake, na mgawanyo huo una athari zinazofika hadi chumba cha daktari.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sonona huwapata wanawake kwa kiwango kinachozidi kile cha wanaume kwa takriban asilimia 50. Vifo vya kujiua, ambavyo mwaka 2021 vilikadiriwa kuwa 727,000 duniani kote, huwapata wanaume kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya kile cha wanawake. Takwimu hizi mbili zikiwekwa pamoja huzua fumbo: jinsi inayohesabiwa kuugua zaidi siyo inayokufa zaidi. Yapo maelezo ya kibayolojia na ya kiuchumi, na makala haikusudii kuyapinga. Hata hivyo, anayehesabiwa kuwa mgonjwa ni yule aliyepata kusema kwamba anaumwa, na hapo isimu ina neno la kuongeza.

Data iliyochambuliwa ni ya matumizi ya kawaida ya Kiswahili cha Mwanza, ambayo msikilizaji yeyote wa mwaloni, sokoni au stendini atayatambua. Tungo zilizopewa nambari ni vielelezo vya matumizi hayo, wala si kauli za watu mahususi.

2.0 Nyegezi na Watu Wake

Nyegezi iko kusini mwa jiji la Mwanza, takriban kilomita 10 kutoka katikati ya mji, katika wilaya ya Nyamagana, kando ya Ziwa Viktoria. Ni mahali palipokusanya katika eneo dogo kazi za aina nyingi. Ipo kampasi ya uvuvi ya wakala wa mafunzo wa serikali, kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, ipo seminari, na ipo stendi ya mabasi yaendayo mikoani. Chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960 kilipandishwa mwaka 1998 kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kwa hiyo mhadhiri, mpigadebe, kibarua wa samaki na mama lishe hupishana katika barabara moja, na wote hukutana katika Kiswahili, ingawa wengi wao wamekulia katika Kisukuma, na wengine katika Kikerewe, Kijita, Kizinza, Kihaya au Kijaluo.

Salamu za Kisukuma zinastahili kutajwa mapema. Anayesema mwangaluka asubuhi au mwadila mchana huongeza neno mayu kwa mwanamke na baba kwa mwanamume. Nafasi ya mtu katika familia hutajwa kabla ya jina lake, na mara nyingi jina halitajwi kabisa. Kiswahili cha Mwanza kimerithi desturi hiyo katika mama Fulani na baba Fulani. Asiye na mtoto wa kuitiwa hubaki na pengo katika salamu yenyewe, kila siku, bila mtu yeyote kukusudia kumwumiza.

Uchumi wa mahali hapa umebadilika mara tatu katika umri wa mtu mmoja. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alienea sana katika miaka ya 1980, akawamaliza kwa wingi furu waliokuwa kitoweo cha kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilijengwa viwanda vya minofu kwa ajili ya soko la Ulaya. Wanawake waliozoea kununua samaki mzima, kumkaanga au kumkausha na kumwuza, waliona samaki huyo akipita mbele yao kwenda kiwandani. Yakawarudia mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu kutolewa. Wengi waligeukia dagaa. Soko lenyewe nalo halikuwa la kutegemewa: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa ziwa hili kwa muda, na kazi zikasimama.

Katika miaka hiyohiyo mashirika ya umma na vyama vya ushirika, pamoja na kiwanda cha nguo cha Mwatex na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, vilidhoofika, na waliokuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwisho wa mwezi wakajikuta mitaani. Mwaka 2018 ikaja Oparesheni Sangara, ambapo nyavu haramu zilikamatwa na kuchomwa moto. Hoja ya kuhifadhi samaki ilikuwa na uzito wake. Lakini wavu uliochomwa ulikuwa pia ndio hadhi ya mtu nyumbani kwake.

3.0 Nani Ana Kazi?

Nomino kazi ina maana mbili zinazoishi pamoja bila kugombana hadi zinapohusishwa na mke na mume. Tazama tungo zifuatazo:

(1) a. Mume wangu yuko kazini.
    b. Mke wangu hana kazi, yuko nyumbani tu.
    c. Leo nina kazi nyingi nyumbani.

Katika (1a) na (1b) kazi ni ajira. Katika (1c) ni shughuli yoyote inayochosha. Mwanamke mmoja anaweza kutamka (1c) asubuhi na kusemwa kwa (1b) jioni, na hakuna atakayeona mgongano. Kiambatisho kidogo tu katika (1b) kinabeba hukumu nzima: kinaifuta siku ya kuchota maji, kupika, kuanika dagaa, kuuguza mtoto na kumhudumia mkwe. Msimbo wa mitaani umekwenda mbali zaidi na kumwita mama wa nyumbani golikipa, yaani mtu anayesimama langoni akingoja mpira uletwe. Wanaolitumia neno hilo kwa mzaha husahau kwamba golikipa hukumbukwa siku anapofungwa.

Mahakama ilitangulia kamusi katika jambo hili. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakufaidika, kwa kuwa fedha alizokuwa amepewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitumia vibaya. Lakini kanuni ilibaki. Kisheria, basi, utungo (1b) umekuwa na kasoro kwa zaidi ya miaka 40. Kimatumizi uko hai kama ulivyokuwa.

Mwanamke anayeuza dagaa au mapanki naye haseni mara nyingi kwamba anafanya kazi. Husema anahangaika: nahangaika na dagaa, nahangaika na watoto, tunahangaika hivyohivyo. Kitenzi hangaika kina maana ya kutotulia moyoni na ya kwenda huku na huku kutafuta riziki. Hivyo jina la kazi na jina la dhiki ni moja. Mwanamume wa umri huohuo, akiwa na kipato kilekile cha kubahatisha, huelekea kusema anatafuta au anapambana. Vitenzi hivi vina shabaha: atafutaye anategemea kupata, apambanaye anategemea kushinda. Jinsi zote mbili huweza kutumia vitenzi vyote vitatu, na makala inazungumzia mwelekeo tu. Lakini tofauti ina uzito. Mhudumu wa afya akisikia mwanamke anasema anahangaika hana namna ya kujua kama ameelezwa ajira au dalili. Na akisikia mwanamume anasema anapambana, hasikii dalili yoyote.

Hapa panahitaji kuangaliwa upya hoja mashuhuri ya Brown na Harris (1978). Katika uchunguzi wao wa wanawake wa Camberwell, kusini mwa London, walionyesha kwamba baada ya pigo la maisha, sonona humpata zaidi mwanamke asiye na ajira nje ya nyumba, mwenye watoto watatu au zaidi walio chini ya miaka 14, asiye na mtu wa kumweleza siri zake, au aliyefiwa au kuachwa na mama kabla ya umri wa miaka 11. Ajira, kwa maelezo yao, ni kinga. Je, ni kinga Nyegezi? Huku karibu kila mwanamke anafanya jambo la kuingiza fedha, na ajira ya nje haikuondoa hata ndoo moja ya maji ya ndani. Utafiti wa nguvukazi wa Tanzania wa mwaka 2006, ulioingiza kipengele cha matumizi ya muda, ulithibitisha kile ambacho kila jikoni linajua: saa za kazi za nyumbani zisizo na malipo ni nyingi mno kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Kinachotofautisha wanawake wa hapa, kwa maoni ya makala hii, ni nani anayeishika fedha inapoingia.

Suala hilo limekuwa kali zaidi kwa kuja kwa mikopo midogo yenye marejesho ya kila wiki au kila siku. Watu wameipa jina la kausha damu. Si jina la kitaalamu, lakini ni utambuzi wa ugonjwa kuliko majina mengi ya kitaalamu: linaeleza mtu anayepungua taratibu bila jeraha kuonekana. Mkopaji mara nyingi ni mwanamke, na dhamana yake ni kikundi cha wanawake wenzake. Akishindwa kurejesha, huwapoteza kwa siku moja watu walewale aliokuwa akiwaeleza siri zake; yaani, kwa lugha ya Brown na Harris, ajira imekula kinga nyingine.

4.0 Vitenzi vya Mume na Vitenzi vya Mke

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mfano huo umejadiliwa vya kutosha, na pengine umezuia watu kuona mifano yenye manufaa zaidi. Linganisha makundi haya mawili:

(2) a. kulisha familia, kumvisha mke, kusomesha watoto, kuoza binti
    b. kumpikia mume, kumfulia, kumpashia maji, kumzalia watoto

Vitenzi vya (2a), vinavyotajwa mtu anapoulizwa wajibu wa baba, viko katika kauli ya kutendesha: la hutoa lisha, vaa hutoa visha, soma hutoa somesha, oa hutoa oza. Mtenda ni chanzo. Wengine hula, huvaa na husoma kwa sababu yake. Vitenzi vya (2b) viko katika kauli ya kutendea. Mtenda anafanya kazi yote mwenyewe, lakini sarufi inamweka mwingine kuwa ndiye ambaye tendo linafanywa kwa ajili yake. Hata uzazi, ambao hakuna awezaye kuufanya badala ya mama, huelezwa kwa mnyambuliko wa kutendea: amemzalia watoto watatu.

Pingamizi ni dhahiri. Mama naye hunyonyesha, huogesha na humlisha mtoto uji. Mume naye humjengea na humnunulia mkewe. Pingamizi hili linatusogeza mbele badala ya kutubomolea hoja, kwa kuwa linaelekeza kwenye njeo. Vitendo vya mume vya kutendea husimuliwa kwa -me-: amemjengea, amemnunulia kitenge. Ni matukio yaliyokamilika na huitikiwa kwa ahsante. Vitendo vya mke vya kutendea husimuliwa kwa hu-: humpikia, humfulia. Havina siku ya kukamilika. Chungu kilichooshwa usiku kitachafuka asubuhi, na hakuna anayeshukuru mazoea. Vivyo hivyo kumlisha mtoto uji ni tendo la kijiko kwa kijiko, ilhali kulisha familia ni sitiari ya hadhi: mtu huilisha familia au ameshindwa kuilisha.

Neno shindwa ndilo linalopaswa kutuzuilia hapa. Vitenzi vya (2a) vina kizingiti. Ada ya shule imelipwa au haikulipwa. Kwa hiyo dhiki ya mwanamume huelezwa kama tukio la kushindwa, na huwa na tarehe: tangu alipoachishwa kazi, tangu nyavu zilipochomwa. Dhiki ya mwanamke huelezwa kwa vitenzi vya uzito unaoongezeka: amelemewa, amechoka, amezidiwa. Na kuzidiwa ni neno lilelile linalotumika kwa mgonjwa mahututi. Mwanamke anapewa na lugha ngazi ya kushukia polepole, ambapo katika kila kipandio anaweza kusikiwa akilalamika. Mwanamume amewekewa ukingo.

Istilahi ya miaka ya 1990 ilikuwa katili kwa wanaume hao. Aliyeondolewa kazini alisemwa kuwa amepunguzwa, na nomino kazi mara nyingi ilidondoshwa: alipunguzwa mwaka juzi. Utungo uliobaki unasema kwamba aliyepungua ni mtu. Baada ya hapo alishinda nyumbani. Kiswahili kina shinda ya ushindi na shinda ya kupitisha siku. Mwanamume aliyeshinda nyumbani alihesabiwa kuwa ameshindwa, na majirani hawakuhitaji mwanasarufi kuwafafanulia.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume amtunze mkewe kwa malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Mke mwenye uwezo anatakiwa amtunze mumewe pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki, kabisa au kwa sehemu, kutokana na maradhi au madhara ya mwili au ya akili. Kwa maneno mengine, sheria inamruhusu mwanamume kutunzwa akiwa mgonjwa. Haina nafasi kwa mwanamume mzima wa afya ambaye kiwanda chake kimefungwa. Jamii nayo inafuata mantiki hiyohiyo kwa ukali zaidi. Anayetunzwa na mwanamke huitwa marioo. Asiyetimiza matumizi ya nyumbani huitwa mwanaume suruali, kana kwamba uanaume wake umebaki katika vazi. Na anayeosha vyombo na kubeba mtoto mgongoni hudhaniwa kulishwa limbwata. Neno hili la mwisho linastahili kuangaliwa na wataalamu wa akili. Jamii imeona mume anayeshiriki kazi za jikoni, imekosa jina la kawaida la kumwita, ikaamua kwamba amerogwa.

Silberschmidt, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kisii nchini Kenya na baadaye Dar es Salaam, alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1999 na 2001 kwamba wanaume waliopoteza uwezo wa kutunza familia walibaki na cheo cha mkuu wa kaya kisicho na kitu ndani yake, na wengi waliutafuta uanaume kwenye pombe na kwa wanawake wa nje. Katika usukuma jambo hili lina historia ya ziada. Cory (1953), katika maelezo yake ya sheria za mila za Wasukuma, alitofautisha ndoa ya bukwi, iliyotolewa mahari, na ile ya butende, isiyo na mahari, ambayo watoto wake huhesabiwa kuwa wa upande wa mama. Kijana wa mwaloni anayeishi na mwanamke bila kutoa ng'ombe huitwa baba Fulani kila siku, huku akijua kwamba cheo hicho kina deni. Varkevisser (1973), aliyechunguza malezi ya watoto wa Kisukuma vijijini na mjini Mwanza, alikwisha kuonyesha kwamba mji hubadili mahusiano ya kifamilia haraka kuliko majina yake.

5.0 Mawazo, Moyo na Kichwa

Istilahi rasmi ni afya ya akili, na ndiyo iliyomo katika sheria ya mwaka 2008. Ni istilahi nzuri katika karatasi. Katika mazungumzo ina kikwazo: akili, kwa Mswahili wa kawaida, ni uwezo wa kufikiri na kupambanua, kama masala ya Kisukuma. Aliyepungukiwa na akili ni mjinga au mwendawazimu. Mtu mwenye huzuni ya miezi sita, ambaye bado anajua bei ya dagaa na majina ya watoto wake, hajioni katika istilahi hiyo, na akielekezwa idara ya akili ya Bugando hudhani ameitwa kichaa.

Anachosema ni kwamba ana mawazo. Umbo hili la wingi limejitenga na umoja wake: mwenye wazo ana jambo la kupendekeza, mwenye mawazo hana usingizi. Waswahili hawako peke yao. Washona wa Zimbabwe wana kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na mpango wa Harare ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 ulilifanya neno hilo kuwa mlango: bibi wa mtaani aliyefunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi na kuanza na kufungisisa, bila kumlazimisha kukubali jina la kigeni. Ufanisi wa mpango huo ulithibitishwa kwa majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016.

Wanaistilahi wa Kiswahili wametoa msongo wa mawazo na sonona. Msongo umepokewa kwa urahisi kwa sababu songa ni kitenzi kilichozoeleka, cha kubanana na cha ugali. Sonona, kitenzi cha zamani cha kutia uchungu, kilichobaki hai zaidi katika sononeka, kimegeuzwa nomino. Ni chaguo la busara, ila bado kinasikika hospitalini kuliko nyumbani. Stresi na presha vimejipenyeza bila kuomba ruhusa. Hili la pili ni la hatari kidogo, kwani hutaja pia shinikizo la damu, na mwanamke anayesema ana presha huweza kupewa vidonge kwa jambo ambalo alitaka kulizungumza.

Aliyesema moyo unakwenda mbio au mwili wote unauma ametumia lugha inayokubalika kwa mwanamke. Jibu analopewa na shangazi au somo wake ni vumilia. Mwanamume huambiwa jikaze. Maneno haya mawili hayalingani. Kuvumilia kunahitaji kitu kinachovumiliwa, na kitu hicho kinaweza kutajwa: mume, ukewenza, umaskini. Jikaza ni kaza iliyorudishwa kwa mtenda mwenyewe; mtu anajifunga kama kamba ya mtumbwi, na hakuna nafasi ya yambwa nyingine. Anayevumilia bado anaweza kusimulia anachovumilia. Anayejikaza hana cha kusimulia, kwa sababu tendo limeanzia na kuishia kwake. Ndiyo maana, pengine, wanaume wengi hupeleka dhiki yao kwa mganga kwa jina la nuksi, kufungwa nyota au kurogewa kazi. Ngoma, Prince na Mann (2003) walikuta Dar es Salaam kwamba matatizo ya kawaida ya akili yalikuwa takriban mara mbili zaidi kwa wateja wa waganga wa jadi kuliko kwa waliohudhuria vituo vya afya. Mganga huuliza habari za kazi na za nyumbani kwanza.

6.0 Dodoso na Mwezi

Zana mbili zinatumika sana Afrika Mashariki. Moja ni dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 20 ya ndiyo na hapana kuhusu siku 30 zilizopita. Nyingine ni lile la maswali tisa lililochapishwa mwaka 2001, linalohusu wiki mbili zilizopita. Yote mawili yamefasiriwa kwa Kiswahili, na yote mawili yamejaa nafasi za familia na kazi bila kuzitaja.

Dodoso la maswali 20 linauliza kama kazi za kila siku za mtu zimeharibika. Mwanamke aliyezoea kusemwa kwa utungo (1b) huweza kujibu kwamba hana kazi, au kusema hapana, kwa kuwa chakula kilipikwa. Angepika hata akiwa na homa. Linauliza kama mtu analia kuliko kawaida. Mwanamume ambaye kawaida yake ni kutolia kabisa atajibu hapana kwa ukweli mtupu. Linauliza kama ni vigumu kutoa uamuzi. Swali hilo linamdhania mtu ambaye uamuzi ni wake. Linauliza kama mtu anashindwa kuwa na manufaa maishani, na hapa ndipo mwanamume aliyepunguzwa anapopigwa kwenye kidonda. Dodoso la maswali tisa nalo lina swali kuhusu kujiona umeshindwa au umeiangusha familia. Likifasiriwa kwa kushindwa humgusa baba moja kwa moja. Kwa mama, kulemewa kungefaa zaidi. Mfasiri mwaminifu kwa neno la asili atakuwa amechagua jinsi bila kujua.

Tiba ya kasoro hii haihitaji fedha nyingi. Badala ya nomino kazi, muulizaji ataje vitenzi: kupika, kuchota, kuanika, kuuza, kuvua, kufundisha, kupeleka watoto shule, kisha aulize ni kipi kimekuwa kizito kuliko mwezi uliopita. Badala ya kulia, aulize pia juu ya kunyamaza, hasira za ghafla na pombe. Aulize kuhusu mawazo kabla ya kuuliza kuhusu akili. Mwanamke asiulizwe mbele ya mkwe, na mwanamume asiulizwe mbele ya wavuvi wenzake wala ya tajiri mwenye mtumbwi.

Limebaki jambo la muda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapong'aa mitumbwi hupumzika. Maisha ya ndoa katika kaya za mwaloni hufuata mzunguko huo: wakati wa giza mke ni baba na mama, na fedha inaingia, wakati wa mbalamwezi mume yuko nyumbani, fedha imepungua, na ndipo ugomvi wa matumizi na pombe huongezeka. Dodoso la siku 30 huuchanganya mzunguko mzima, kwa kuwa mwezi mwandamo una siku 29 au 30, na hutoa wastani usiomhusu mtu yeyote katika wiki yoyote. Dodoso la wiki mbili hunasa upande mmoja tu: likijazwa baada ya mbalamwezi litaonyesha kaya yenye dhiki ya mume, likijazwa baada ya giza litaonyesha uchovu wa mke. Karatasi ya mahojiano ina nafasi ya umri, jinsi, elimu na hali ya ndoa. Kwa Nyegezi na mialo yote ya ziwa, iongezwe nafasi ya tarehe ya mwezi mwandamo.